Fundi kasema gesi ya kiyoyozi changu imepigwa marufuku. Ninunue kipya?

"Kiyoyozi changu cha ukutani ni cha inveta, kina miaka sita, na kibandiko chake kimeandikwa R410A. Mwaka jana kilipungua ubaridi, fundi akaongeza gesi. Mwaka huu hali imerudi vile vile. Fundi mwingine ananiambia gesi hiyo imepigwa marufuku duniani, kwa hiyo nina njia mbili: ninunue kipya cha R32, au aniwekee 'gesi ya kisasa' kwenye hiki hiki, iwe R32 au R290, kwa bei nafuu. Jirani naye anaapa kwamba hizo gesi mpya zinalipuka, bora nihangaike na hiki cha zamani. Isitoshe, nilikuwa nafikiria pampu ya joto ya kupashia maji ya kuoga, na sasa naogopa kununua kitu ambacho miaka mitano ijayo nitaambiwa nacho hakitakiwi. Nimsikilize nani?"

Ndugu yangu, umeuliza mambo matatu manne kwa mpigo, na yote yamefungwa na lile neno "marufuku". Nianze nalo, maana likifunguka hilo mengine yanalegea yenyewe.

R-410A haijapigwa marufuku ndani ya mashine uliyonayo. Kilichobadilika ni vitu viwili, na watu huvichanganya, wengine kwa kutojua, wengine kwa sababu kuvichanganya kunauza mashine. Kwanza, baadhi ya nchi zimezuia mashine mpya zenye gesi hiyo zisiingie sokoni. Umoja wa Ulaya ulifunga mlango kwa viyoyozi vidogo vya vipande viwili, kimoja ndani na kimoja nje, kuanzia Januari 2025. Marekani nayo, kuanzia mwaka huo huo, iliweka kikomo ambacho R-410A haiwezi kukifikia kwenye mifumo mipya ya nyumbani. Pili, kiasi cha gesi hizi kinachoruhusiwa kuzalishwa na kuagizwa kinapunguzwa hatua kwa hatua kwa makubaliano ya dunia nzima. Kuendelea kutumia mashine iliyokwisha kufungwa, kuitengeneza na kuijaza gesi yake ni halali hata huko kwenye sheria kali zaidi.

Makubaliano hayo ni Marekebisho ya Kigali, yaliyofikiwa Oktoba 2016 na kuanza kazi Januari 2019. Ni nyongeza ya Itifaki ya Montreal ya 1987, ile iliyokuja kuokoa tabaka la ozoni. Hapa ndipo pana chanzo cha mkanganyiko mwingine: watu husema R-410A "inatoboa ozoni". Haitoboi. R-22, gesi iliyokuwa kwenye karibu kila kiyoyozi cha zamani, ndiyo yenye klorini inayoidhuru ozoni, na R-410A ililetwa kuwa mrithi wake safi. Kwa ozoni kweli ni safi. Tatizo lake ni joto la dunia. Kila gesi imepewa namba inayoonyesha kilo moja yake inashika joto mara ngapi kuliko kilo moja ya kabonidayoksaidi kwa miaka 100. R-22 ni 1,810. R-410A, mrithi huyo safi, ni 2,088. Kwa hiyo tulitoka shimo moja tukaingia la pili, na sheria za sasa zinajaribu kututoa huko.

Kama mashine yako ina kilo 1.1 ya gesi, kiasi cha kawaida kwa kiyoyozi cha chumba, basi ikivuja yote ni sawa na kutoa hewani tani 2.3 za kabonidayoksaidi. Mara nyingi hesabu hiyo imekwisha kufanywa na kuandikwa kwenye kibandiko cha mashine ya nje, karibu na uzito wa gesi. Kitafute. Tutakihitaji tena.

Kuhusu kasi ya punguzo: nchi zilizoendelea zilitakiwa kufika punguzo la asilimia 40 mwaka 2024 na zitatakiwa kufika asilimia 70 mwaka 2029. Nchi nyingi zinazoendelea zilianza 2024 kwa kutozidisha kiwango chao, kisha zinapunguza asilimia 10 mwaka 2029, 30 mwaka 2035, 50 mwaka 2040, na 80 mwaka 2045. Ukisoma ratiba hiyo kwa utulivu utaona kwamba kiyoyozi chenye miaka sita leo kitakuwa kimekufa kifo chake cha kawaida kabla gesi yake haijatoweka madukani. Bei ya gesi ndiyo itakayopanda. Tuliyaona kwa R-22: kadiri mgao ulivyobanwa ndivyo mtungi ulivyopanda bei, na kadiri ulivyopanda ndivyo mitungi ya bandia ilivyozidi. Tegemea hali ya namna hiyo kwa R-410A, kwa mwendo unaotegemea ratiba ya nchi yako.

Basi marufuku tuiweke pembeni. Kinachokusumbua ni kwamba mashine yako inavuja, na hakuna fundi hata mmoja kati ya hao wawili aliyekuambia inavujia wapi.

Gesi ya kiyoyozi haiishi kama mafuta ya gari. Haichomwi wala haitumiki ikapungua. Inazunguka tu. Kwenye koili ya ndani, yaani yale mabomba yaliyokunjwa-kunjwa, iko katika shinikizo dogo, inachemka ikiwa na nyuzi chache tu juu ya sifuri, na kwa kuchemka inanyonya joto la chumba. Kompresa inaivuta ikiwa mvuke, inaikandamiza, inapanda joto na shinikizo. Ikifika koili ya nje inatema lile joto lote hewani na kugeuka kimiminika, kisha inapita kwenye valvu nyembamba, shinikizo linaanguka, na safari inaanza upya. Mzunguko huo umefungwa kabisa. Mashine iliyofungwa vizuri inaweza kuzeeka na kuzikwa na gesi ile ile iliyotoka nayo kiwandani.

Kwa hiyo hii "huduma" ya kuongeza gesi kila mwaka, ambayo watu wengi wameizoea hadi wanaidai wenyewe, ni sawa na kujaza upepo kila asubuhi kwenye tairi lenye msumari. Unalipa, inakwenda siku kadhaa, unarudi. Na kila unaporudi umechafua hewa kwa kiasi kile kile ulichonunua.

Kabla hata ya kukubali kwamba gesi imepungua, hakikisha. Chujio lililojaa vumbi, feni ya ndani iliyoota uchafu, au koili ya nje iliyozibwa na majani na manyoya hupunguza ubaridi kwa namna ambayo mtu asiye makini ataiita "gesi imeisha". Barafu kwenye bomba jembamba huwa ni dalili ya gesi kidogo, lakini chujio chafu nalo huleta barafu. Osha chujio, safisha koili ya nje kwa maji yasiyo na kasi kubwa umeme ukiwa umezimwa, kisha pima tena.

Ikiwa bado hakuna ubaridi, tafuta uvujaji. Pa kuanzia pako karibu sana, na mara nyingi hata wewe unaweza kupaona. Zima umeme kwenye swichi kuu ya mashine, fungua kifuniko kidogo cha ubavuni mwa mashine ya nje, uangalie nati mbili za rangi ya dhahabu zinazoshika mabomba ya shaba. Nati nzima ni kavu, na vumbi lake linapukutika ukilipuliza. Nati inayovuja huwa na vumbi jeusi lililoganda, linaloteleza kidoleni, kwa sababu mafuta ya kompresa husafiri pamoja na gesi na hutoka nayo. Usiikaze wala kuilegeza. Piga picha, mwonyeshe fundi. Sehemu kubwa ya uvujaji wa viyoyozi vya nyumbani ninaokutana nao uko hapo au kwenye nati wenzake nyuma ya mashine ya ndani: mdomo wa bomba haukupanuliwa vizuri siku ya kufunga, au nati ilikazwa kwa nguvu za mkono bila kipimo mpaka shaba ikapasuka. Kukata mdomo huo na kuutengeneza upya ni kazi ndogo.

Kuna uvujaji mwingine, mbaya zaidi, ulio kwenye koili ya ndani yenyewe. Shaba huliwa na asidi nyepesi zinazotokana na mivuke ya kawaida ya nyumbani, kama ya dawa za kusafishia, rangi, vanishi na gundi za samani mpya, na matokeo yake ni vijia vyembamba ndani ya ukuta wa bomba, vimejipinda kama njia za kichuguu, ambavyo jicho haliwezi kuviona. Huko povu la sabuni, ambalo mafundi hulipaka kutafuta uvujaji, huweza lisionyeshe kitu, na fundi atahitaji kifaa cha elektroniki cha kunusa gesi, au kujaza naitrojeni kavu na kuangalia kama geji inashuka. Koili iliyoliwa namna hiyo haizibwi. Inabadilishwa, na hapo ndipo hesabu ya kutengeneza au kununua inapoanza kuwa ya kweli.

Sasa njia ya pili ya fundi wako, ya kuweka "gesi ya kisasa" kwenye mashine hiyo hiyo. Hapa nitakuwa mkali kidogo: usikubali.

Kishawishi cha R-32 naelewa kinatoka wapi. R-410A ni mchanganyiko, nusu yake kwa uzito ni R-32 hiyo hiyo, nusu nyingine ni R-125, na shinikizo la R-32 linakaribiana sana na la mchanganyiko huo. Fundi anaunganisha geji, anaona namba anazozijua, mashine inapoza, kila mtu anafurahi. Lakini R-125 ilikuwa inafanya kazi mbili humo: ndiyo iliyoifanya gesi nzima isishike moto, na ndiyo iliyosaidia kompresa isipate joto kali. Ukiitoa, gesi inayotoka kwenye kompresa inapanda joto kuliko ilivyokadiriwa na mtengenezaji, na mafuta yaliyomo yanaanza kuzeeka kabla ya wakati. Zaidi ya hapo, sasa una gesi inayoweza kuwaka ndani ya mashine ambayo vifaa vyake vya umeme havikukaguliwa kwa ajili hiyo, na kibandiko bado kinasema R410A. Fundi wa tatu atakayekuja na moto wa kuchomelea hatajua anachokikabili.

R-290 kwenye mashine ya R-410A ni kosa kubwa zaidi. R-290 ni propani safi. Kama gesi ya kupozea ni nzuri ajabu, na nitaisifu hapa chini, ila kwenye mashine iliyoundwa kwa ajili yake. Kwa joto la nyuzi 45 upande wa nje, R-410A huwa na shinikizo la takribani bar 27, propani takribani 15. Kompresa yako imepimwa kwa gesi nzito ya shinikizo kubwa, ukiipa propani itazunguka vizuri na kupoza vibaya, kwa sababu kila mzunguko unasukuma gesi kidogo. Tena utakuwa umeweka gesi inayowaka kwa cheche ndogo sana ndani ya chumba cha kulala, kwenye mabomba ambayo tumekwisha kukubaliana kwamba yanavuja! Kama fundi atatumia gesi ya kupikia, ambayo kwa kawaida ina butani, unyevu na dawa ya harufu, ndiyo umekwisha kabisa.

Kuna sababu ya tatu ya kuogopa gesi za bei ya kutupa, na watu wa nje ya fani hawaijui. Mwaka 2011, mafundi kadhaa wa makontena ya majokofu katika nchi tofauti walikufa kwa milipuko wakati wa kazi za kawaida. Ilikuja kujulikana kwamba mifumo ile ilikuwa imejazwa gesi ya bandia iliyochanganywa na kloridi ya methili, R-40, ambayo ikikutana na alumini ndani ya kompresa hutengeneza kemikali inayowaka yenyewe ikigusa hewa. Mtungi ulisema jambo moja, ndani kulikuwa na jingine. Kwa hiyo fundi akikuletea mtungi usio na nembo inayosomeka, muhuri wala namba ya gesi, mwambie akauchukue mwingine.

Jirani yako hajakosea kabisa, lakini amezichanganya gesi mbili zisizofanana. Gesi za kupozea hupangwa kwa madaraja ya usalama. R-22 na R-410A ziko daraja la A1, haziwaki katika hali ya kawaida. Propani iko A3, inawaka kwa urahisi. R-32 na gesi nyingine mpya, R-454B, ziko katikati, A2L, na ile L ni ya gesi ambazo moto wake hutambaa chini ya sentimita 10 kwa sekunde. Moto wa R-32 hutambaa kama sentimita 7 kwa sekunde, polepole kuliko mtu anayetembea taratibu. Kuiwasha kwenyewe kunahitaji nguvu ya cheche kubwa zaidi ya mara mia ya ile inayotosha kuwasha propani.

Halafu kuna suala la wingi. Ili R-32 iwake, lazima iwe imefikia takribani gramu 300 katika kila mita ya ujazo ya hewa. Chumba cha mita 3 kwa 4 chenye dari ya mita 2.5 kina mita za ujazo 30, kwa hiyo kingehitaji kilo 9 na zaidi kama gesi ingesambaa sawasawa. Kiyoyozi chako kipya cha chumba hicho kitakuwa na pungufu ya kilo moja. Gesi hii ni nzito kuliko hewa na hukusanyika sakafuni, ndiyo maana hesabu rahisi kama hii haitoshi na wataalamu wa viwango wameweka akiba ya usalama. Kwa kiwango cha kimataifa cha IEC 60335-2-40, mashine yenye R-32 isiyofikia kilo 1.8 hivi haiwekewi sharti la ukubwa wa chumba, ikizidi hapo sharti linakuwepo. Ukinunua mashine kubwa ya kuhudumia ukumbi, kisha fundi akaifunga kwenye chumba kidogo, huo ndio wakati wa kumwomba jirani yako ushauri.

Hatari ya kweli iko mikononi mwa fundi. Anayechomelea bomba lenye gesi ndani, anayewasha sigara akiwa anatoa gesi, anayetumia pampu ya kuvuta hewa ya zamani yenye swichi inayotoa cheche. Hata R-410A ikikutana na moto mkali hutoa mvuke wa floridi ya haidrojeni, unaochoma mapafu, na hilo halikuanza na gesi mpya. Kuna pia kompresa zinazopasuka kwa sababu fundi amezirudisha gesi kwenye mashine ya nje huku bomba likivuta hewa: mafuta na hewa vikikandamizwa pamoja hujiwasha, hata gesi iwe ya daraja la A1.

Kwa mashine yako, basi, ushauri wangu ni huu. Ina miaka sita, ni ya inveta, yaani kompresa yake hubadili kasi badala ya kuwaka na kuzima, na bado inafanya kazi. Itengeneze. Mwite fundi atafute uvujaji na auzibe kwanza. Baada ya hapo ajaze naitrojeni na kuiacha ikae kwa muda huku geji ikitazamwa, kisha avute hewa na unyevu kwa pampu hadi hewa iliyobaki ndani ishuke chini ya mikroni 500 kwenye kipimo cha elektroniki, na mwisho aweke R-410A kwa mizani, uzito ule ule ulioandikwa kwenye kibandiko. Gesi ya zamani iliyobaki ndani ainyonye kwanza kwenye mtungi wa kuhifadhia. Kuiachia hewani ni kosa la sheria katika nchi nyingi, na ni dalili ya mtu asiyejali kazi. Ukimwona fundi anajaza kwa kugusa bomba na kusema "sasa imekolea", mshukuru na umlipe nauli.

Nimewahi kusikia wakisema R-410A ikivuja kidogo lazima yote imwagwe, kwa kuwa ni mchanganyiko na umeharibika uwiano. Hilo ni kweli kwa michanganyiko mingine kama R-407C. Kwa R-410A vijenzi vyake viwili huchemka karibu kwa pamoja, hivyo uwiano hauharibiki sana. Sababu ya kuitoa yote na kupima upya ni kwamba hakuna njia ya uhakika ya kujua kimebaki kiasi gani, na inveta ni nyeti kwa uzito wa gesi.

Ningekuambia ununue mpya kama koili ya ndani ndiyo iliyooza na mashine imevuka miaka kumi, au kama kompresa imeungua, au kama ni mashine ya R-22 inayofanya kazi saa nyingi kila siku. Katika hali hizo kinachokulipa ni umeme kuliko gesi: inveta nzuri ya leo hutumia umeme kidogo kwa ubaridi ule ule kuliko ile ya zamani ya kuwaka na kuzima. Ukinunua, R-32 ni chaguo la maana. Namba yake ya joto ni 675, chini ya theluthi moja ya R-410A, na kwa kuwa kila kilo yake hubeba joto jingi zaidi, mashine huhitaji gesi kidogo. Inayoshindana nayo, hasa Marekani, ni R-454B yenye namba 466. Kwa karatasi ni bora, lakini majira ya joto ya 2025 mafundi wa huko walihangaika kuipata, upungufu wa mitungi ukichangia. Mimi ningeangalia kwanza mafundi wa karibu yangu wana gesi gani kwenye gari kabla ya kuangalia namba.

Mabomba ya zamani yanaweza kubaki ukitoka R-410A kwenda R-32, mradi kipenyo na unene vinalingana na kitabu cha mashine mpya na midomo itengenezwe upya. Ukitoka R-22 ni habari nyingine, kwa sababu mafuta yake hayapatani na mafuta ya mashine mpya. Badilisha bomba kama inawezekana. Kama limezikwa ukutani, lisafishwe kwa makini.

Je, R-32 nayo haitafuatwa? Itafuatwa. Umoja wa Ulaya umekwisha kuandika kwamba kuanzia 2029 viyoyozi vipya vya vipande viwili vyenye uwezo wa hadi kilowati 12 vitatakiwa kuwa na gesi yenye namba chini ya 150, na R-32 haifiki hapo. Isikutishe. Sheria hiyo nayo ni ya mashine mpya, na kiyoyozi utakachofunga leo kitahudumiwa maisha yake yote kama vile vya R-410A vinavyohudumiwa sasa. Ukisubiri gesi ambayo haitaguswa na sheria yoyote, utalala na joto kwa muda mrefu.

Kwenye pampu ya joto ya maji jibu langu linageuka kidogo, kwa sababu huko gesi ya kudumu imekwisha kupatikana. Pampu ya joto ni kiyoyozi kilichogeuzwa: inavuta joto la hewa ya nje na kulitema kwenye maji, na kwa kila kilowati ya umeme hutoa kilowati tatu hivi za joto hewa ikiwa ya uvuguvugu. Zile za kipande kimoja, ambazo mzunguko wote wa gesi uko ndani ya boksi la nje na kinachoingia nyumbani ni bomba la maji tu, zinaifaa propani hasa. Namba yake ya joto haifiki hata 5, haina florini kwa hiyo mabishano yanayoendelea Ulaya kuhusu kemikali za florini zisizooza hayaihusu, na hufikisha maji nyuzi 65 au zaidi bila taabu. Imefungwa kiwandani, hakuna nati ya gesi inayokazwa nyumbani kwako. Zipo pia za kabonidayoksaidi yenyewe, R-744, ambazo Japani imezitumia majumbani tangu 2001. Shinikizo lake ni kubwa mno, lakini kwa maji ya moto sana hazina mpinzani.

Ukichagua ya propani, fuata kitabu chake kuhusu mahali pa kuiweka. Iwe nje, mbali na dirisha, mlango, shimo la maji taka na ngazi ya kuteremkia chini ya nyumba, kwa sababu ikivuja itatiririka kama maji kutafuta palipo chini. Mtengenezaji huchora eneo la usalama kuizunguka, na ndani ya mchoro huo pasiwe na soketi, taa wala jiko. Fundi akisema mchoro huo ni wa kujihami tu kisheria, tafuta fundi mwingine.

Kuna mambo machache ambayo maandishi haya hayawezi kuyatatua na lazima mtu aje aone kwa macho. Mashine ikikata umeme kila inapowashwa, ikitoa harufu ya kuungua, au ukisikia sauti ya gesi kuchuruzika ndani ya chumba, izime kwenye swichi kuu, usiguse swichi nyingine yoyote iliyo karibu ikiwa gesi ni ya A3, fungua madirisha, toka, kisha piga simu ukiwa nje. Na kama kuna fundi aliyewahi "kukusaidia" kwa kuweka gesi usiyoijua, mweleze anayekuja sasa kabla hajafungua begi. Atahitaji kuinyonya kwenye mtungi wa peke yake, maana gesi zilizochanganywa hazirudishwi kwenye matumizi bila kutenganishwa. Akimaliza, mwombe aandike kwenye kibandiko kwa kalamu isiyofutika: aina ya gesi, uzito, tarehe, na mahali uvujaji ulipokuwa.